Shiloh: tusimwonee baba yake Marty

Filamu ya Shiloh ilitoka mwaka 1996, ikitokana na riwaya ya Phyllis Reynolds Naylor. Huko West Virginia, Marekani, mvulana Marty Preston anamficha Shiloh, mbwa aliyemtoroka Judd Travers, mwindaji anayewapiga mbwa wake mateke na kuwashindisha njaa ili wawinde kwa uchu. Watazamaji wengi humuunga mkono Marty, nami nimo. Ila baba yake tunamwonea.

Baba hufanya kazi ya kupeleka barua majumbani, na msimamo wake ni mfupi: mbwa ana mwenyewe, arudishwe. Ni rahisi kumwona hana huruma. Lakini tukiruhusu kila mtu achukue mfugo wa jirani kwa kuwa haridhiki na matunzo yake, nani atakuwa salama? Isitoshe, uongo wa Marty una gharama. Katika riwaya, mama anapogundua siri, naye anajikuta akimficha mumewe jambo hilo kwa usiku mmoja. Usiku huohuo mbwa mkubwa wa jirani anaruka uzio na kumrarua Shiloh, ambaye hana pa kukimbilia, maana Marty mwenyewe ndiye aliyemzungushia waya.

Hata hivyo, hoja ya baba inahitaji awepo wa kupelekewa mashtaka. Pale milimani, sherifu, yaani mkuu wa polisi wa eneo, hawezi kuacha shughuli zake kwa ajili ya mbwa aliyepigwa teke. Kumrudisha ni kumkabidhi kwa mtesaji wake.

Kinachonikera zaidi si uongo. Riwayani, Marty anamfumania Judd ameua kulungu jike nje ya msimu wa uwindaji. Badala ya kumripoti, wanapatana: Marty afanye kazi saa 20, kwa dola 2 kila saa, ampate mbwa, naye afunge mdomo. Hapo anayetaka haki ameuza haki ya mnyama mwingine, na Naylor hafichi hilo: Marty mwenyewe linamkereketa. Baadaye Judd anamcheka kwamba karatasi ya mapatano haina shahidi. Kijana anaendelea kumfanyia kazi, na ni ukaidi huo, kuliko ujanja wote wa awali, unaomlegeza Judd hadi anatoa mbwa na ukanda wake wa shingoni.

Lakini Judd ana mbwa wengine, na mapatano yale hayawahusu. Kwa hao, huruma ya Marty haikutosha; walihitaji ile sheria ya baba, tena yenye mtu wa kuisimamia.