Mbwa wa Newala na hesabu ya 70

Kila kichaa cha mbwa kinapozuka kusini mwa Tanzania, kauli ni ile ile: mbwa wanaozurura wapigwe risasi. Wanaosema hivyo wana hoja. Aliyeng'atwa akishaanza kuogopa maji, dawa hakuna. Kuosha jeraha dakika 15 kwa sabuni husaidia sana, lakini chanjo bado inamtaka mtu wa kijijini Tandahimba afunge safari zaidi ya moja. Isitoshe, Uingereza iliutokomeza ugonjwa huu mwaka 1902 bila kuchanja mbwa, ila kwa kuwafunga midomo na kuwaweka karantini waliotoka ng'ambo. Uliporudi 1918, ukabanwa tena hadi 1922.

Ila mbwa wa Newala ana kazi. Usiku anafukuza nguruwe kwenye mihogo, mchana amelala chini ya mkorosho. Hata kwa Waislamu wa Kishafii, ambao mate yake kwao ni najisi ya kuoshwa mara saba, moja kwa udongo, mbwa wa shamba na wa mawindo ameruhusiwa. Hana mnyororo, lakini ana mwenyewe. Mpita njia ndiye anayemwita koko.

Shirika la Afya Duniani linataka mbwa 70 katika kila 100 wachanjwe. Kwa nini wengi hivyo? Mbwa mgonjwa kwa wastani huambukiza mmoja au wawili tu, kwa hiyo kinga ya chini ya nusu yao ingetosha. Hiyo ziada ni akiba ya mwaka, maana mbwa wa kijijini haishi sana. Tuseme kijiji kina mbwa 100, umechanja 70. Mwaka ukiisha theluthi wamekufa, nafasi zao zimeshikwa na watoto wasiochanjwa. Wenye kinga ni kama 47. Bado mnapumua. Sasa leta bunduki, uondoe 30. Anayesogea akiitwa ndiye anayepigwa, na ndiye huyo huyo aliyekubali kushikwa siku ya chanjo. Wakiwa 25 kati ya hao walichanjwa, umebaki na 22. Na nguruwe hawangoji: mwenye shamba ataomba mbwa mwingine kijiji cha pili, pengine aje na ugonjwa uliojificha mwilini kwa wiki au miezi. Kwenye kisiwa cha Bali, Indonesia, walianza kwa kuua mwaka 2008, wakaua mbwa wengi mno, na ugonjwa ukazidi kutambaa kisiwani. Ulianza kurudi nyuma walipochanja kisiwa kizima.

Lindi na Mtwara kuna mbweha pia, nao wanaugua na kuambukiza. Hao hakuna bunduki ya halmashauri itakayowamaliza porini, lakini mbweha mgonjwa akimng'ata mbwa aliyechanjwa, ugonjwa unaishia hapo.

Chanjo nayo huharibika kwa mambo madogo. Watoto wa mbwa huachwa nyumbani eti bado wadogo, wakati kwenye kampeni nao huchanjwa. Mbwa asiyezoea kamba anakokotwa na mtoto wa miaka minane, anaponyoka kabla ya kufika. Na afisa mifugo akija katikati ya msimu wa korosho atakuta chini ya mwembe wa kuchanjia hakuna mbwa: mbwa wako mashambani na wenyewe. Aje Julai, na jioni apite nyumba kwa nyumba kuwafuata walioponyoka.