Stars ina mabeki, straika tumuulize nani?

Nijitambulishe kwanza, mtu asije akaanza kunitafutia rangi: mimi si Simba na si Yanga. Ni Mashujaa, Mapigo na Mwendo, wa hapa Kigoma mwisho wa reli. Wapo wanaosema kila Mtanzania ana upande wake Kariakoo na hii Mashujaa ni koti la juu tu. Waseme. Aliyekuwepo Lake Tanganyika Aprili 2024, tulipomtoa Simba kwenye Kombe la Shirikisho la hapa nchini kwa matuta 6-5 baada ya sare ya 1-1, anajua koti lipi liko juu. Na Desemba 2018, tukiwa bado timu ya daraja la chini, tulimfuata kulekule Dar es Salaam tukamfunga 3-2. Basi, hilo nimelisema, roho imetulia.

Mada ya leo ni timu ya taifa, Taifa Stars, na AFCON 2027, fainali za Mataifa ya Afrika, ile tutakayoiandaa pamoja na Kenya na Uganda. Tangu Januari 2026 nchi imekuwa na furaha ya aina yake, na haki yake ipo. Kule Morocco, kwenye AFCON 2025, tuliingia 16 bora kwa mara ya kwanza tangu tuanze kushiriki mwaka 1980. Fei Toto aliposawazisha dhidi ya Tunisia, kijana mmoja kwenye kibanda umiza ninachoangalizia mpira alirusha kiti cha plastiki hadi kikagonga feni, na mwenye banda, ambaye kwa kawaida anakutoza hata ukiegemea ukuta vibaya, hakusema neno.

Halafu ikaja Januari 4, Morocco, wenyeji, na Brahim Díaz akatumaliza kwa bao moja. Watu walitoka bandani wakipongezana. Mzee mmoja, mvuvi mstaafu wa Kibirizi ambaye hukaa mbele kabisa kwa sababu ya macho, alibaki ameketi. Nikamwambia, "Mzee, tumejitahidi." Akanijibu bila kunigeukia: "Mwanangu, hawa vijana siku hizi hawafungwi ovyo. Ila na wenyewe hawafungi."

Nimekuwa nikiitafuna kauli hiyo. Chukua kalamu tuhesabu. Stars imecheza AFCON nne: 1980, 2019, 2023 na 2025. Mechi 13. Sare 5, vipigo 8, ushindi hakuna. Mabao tuliyofunga ni 9. Hatujawahi kushinda mechi hata moja ya fainali za AFCON, na mwaka 2027 tutakuwa wenyeji. Ukimwambia mtu hivyo anakutazama kama umemtukania mama yake, lakini matokeo yapo, hayafutiki.

Sasa angalia mabao yenyewe yametoka kwa nani, maana hapo ndipo penye utamu. Kule Morocco tulifunga matatu. La kwanza dhidi ya Nigeria, Charles M'Mombwa, kiungo aliyekulia Australia. La pili dhidi ya Uganda, Msuva, penalti. La tatu hilo la Fei Toto, kiungo, kwa shuti la mbali. Namba tisa wetu, yaani straika wa kati? Hayumo. AFCON iliyotangulia, kule Ivory Coast, tulifunga moja tu katika mechi tatu, na mfungaji alikuwa Msuva huyohuyo. Mwaka 2019 Misri tulifunga mawili, yote kwenye mechi tuliyofungwa na Kenya 3-2: Msuva na Samatta. Kwa maneno mengine, tangu 2019 safu ya ushambuliaji ya taifa ni watu wawili ambao sasa wote wamevuka miaka thelathini, na wote walikwenda kupikwa nje, mmoja Lubumbashi kisha Ubelgiji, mwingine Morocco.

Au chukua CHAN ya Agosti 2025, ambayo ni ya wachezaji wa ligi za ndani tu, yaani kipimo halisi cha ligi yetu. Mechi nne za makundi tuliruhusu bao moja. Moja! Huo ni ukuta. Lakini mabao matatu ya mechi mbili za mwanzo yalifungwa hivi: penalti ya Sopu, kichwa cha Zimbwe Jr, na Kapombe dakika za lala salama dhidi ya Mauritania. Zimbwe ni beki wa kushoto. Kapombe ni beki wa kulia. Ilibidi tufike mechi ya tatu, dhidi ya Madagascar, ndipo Clement Mzize akafunga yake mawili. Robo fainali Morocco wakatutoa kwa 1-0, kama kawaida yao. Tangu Novemba 2023 hadi Januari 2026 tumekutana nao mara tano, kufuzu Kombe la Dunia, CHAN na AFCON, hatujawafunga hata bao la bahati mbaya. Na sehemu kubwa ya kipindi hicho kocha wetu mwenyewe, Hemed Suleiman, alikuwa anaitwa Morocco.

Kwa nini iwe hivi? Jibu langu halihitaji mtaalamu kutoka nje. Fungua kikosi cha Simba au Yanga siku ya mechi kubwa, soma kuanzia nyuma kwenda mbele. Nyuma utakuta Watanzania: Job, Bacca, Mwamnyeto, Kapombe, Zimbwe Jr miaka yake yote ya Msimbazi, yaani Simba. Hao wamecheza fainali za Afrika. Yanga ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika 2023 ikapotezwa na USM Alger kwa kanuni ya bao la ugenini, Simba ikafika 2025 ikafungwa na Berkane. Beki aliyekaa dakika tisini mbele ya watu wa namna hiyo, ukimpeleka AFCON hashtuki.

Endelea kusoma kwenda mbele. Majina yanabadilika. Mayele, Aziz Ki, Ahoua, Dube, Mukwala. Msimu wa 2022/23 wafungaji bora wa Ligi Kuu walikuwa wawili, Mkongo Mayele na Saido Ntibazonkiza, jirani yetu wa Burundi, mabao 17 kila mmoja. Uliofuata Aziz Ki wa Burkina Faso, 21. Uliofuata Ahoua wa Ivory Coast, 16. Klabu zetu kubwa zimeamua kwamba kuzuia ni kazi ya mwenyeji na kufunga ni kazi ya mgeni, na timu ya taifa imerithi uamuzi huo kama ulivyo: ukuta wa Kitanzania, na mbele pengo.

Nisieleweke vibaya. Sitaki kanuni ya wageni 12 kwa kila klabu ipunguzwe hadi watano, kama wanavyodai baadhi ya watu kila Stars inapotoka sare. Hao mapro ndio waliowafundisha mabeki wetu kazi. Bacca angemkaba nani mazoezini kama si Mayele? Ukiwaondoa wageni leo hupati mastraika, unapoteza na mabeki. Na mimi niliyemwona Mukwala, Mganda, akija hapa Kigoma Novemba 2024 akatufunga dakika za mwisho tukiwa tayari tunahesabu pointi yetu moja, nina kila sababu ya kuwachukia hao watu. Siwachukii. Straika anayefunga dakika ya tisini na kitu, ugenini, kwenye joto la ziwa, ni mtu wa kumtazama ukajifunza.

Ninachotaka ni kingine: kocha wa Stars, awe nani, aache kutafuta namba tisa kwenye benchi la Dar es Salaam. Amtafute anakocheza.

Ushahidi upo. Mtanzania wa mwisho kuwa mfungaji bora kabla ya huo mfululizo wa wageni ni George Mpole, msimu wa 2021/22, mabao 17, akimwacha Mayele kwa bao moja. Alikuwa wapi? Geita Gold. Waziri Junior alifunga 12 msimu wa 2023/24 akiwa na KMC, na Juni 2024 akaenda Ndola na Stars akawafunga Zambia, tukashinda 1-0 kwao. Ndola! Mji uleule ambao Peter Tino alifunga mwaka 1979, ikawa 1-1, tukafuzu AFCON ya 1980 kule Nigeria. Selemani Mwalimu alikuwa anafunga akiwa Fountain Gate, Wydad wa Morocco wakaja kumchukua kabla sisi wenyewe hatujamaliza kuuliza ni nani. Hata Mzize, wanayemtaja kila mara kunikosoa, "mbona huyu ni wa Yanga," anaongeza uzito kwenye hoja yangu: alipanda baada ya Mayele kuondoka 2023 na nafasi kubaki wazi. Kilichomkuza ni dakika za kucheza. Msimu wa 2024/25 akafunga 14.

Straika ni kama mvuvi wa dagaa, lazima aingie ziwani usiku baada ya usiku, hata usiku wa kurudi na kapu tupu. Anayekaa ufukweni wiki tano halafu unampa taa wiki ya sita, atawasha wapi?

Lakini tunavyofanya ni kinyume. Kijana anafunga mabao sita, saba, kwenye timu ya mkoani nusu msimu. Dirisha dogo la usajili likifunguliwa, anaitwa Dar, anapigwa picha ameshika jezi, mabango yanatundikwa, mama yake anapigiwa simu na kila ndugu. Miezi miwili baadaye unamwona anapasha misuli nyuma ya goli akiwa na kizibao cha njano, anapasha, anapasha, mpira unakwisha. Nimewaona wakija hapa Lake Tanganyika na timu zao kubwa. Mmoja alipasha kipindi chote cha pili mbele ya jukwaa letu, vijana wakawa wanamwita kwa jina lake la zamani la ndondo, anatabasamu, anainama kufunga kamba za viatu ambavyo havikuwa vimefunguka. Cha ajabu, wiki hiyohiyo kikosi cha taifa kikitangazwa unakuta huyo aliyeko benchi yumo, na yule aliyefunga Jumamosi akiwa mkoani hayumo.

Najua mtaniuliza: na hiyo Mashujaa yenu, imetoa straika gani? Swali zuri, na linauma. Timu yetu, tangu ipande Ligi Kuu 2023, inajulikana zaidi kwa ugumu kuliko kwa mabao. Tukicheza na mkubwa tunarudi nyuma wote kumi, mshambuliaji anabaki peke yake katikati ya uwanja anakimbiza mipira mirefu. Ndivyo timu za mikoani zinavyonusurika, na shabiki mwenye busara haulizi sana wakati pointi zinaingia. Tabora kule wamekuwa wajasiri kidogo. Novemba 2024 Tabora United walimpiga Yanga 3-1 palepale Dar, wakishambulia bila haya. Sisi Kigoma ukituuliza tumeipa Stars nani, jina la kwanza linalotoka mdomoni ni Juma Kaseja. Kipa! Na hata sifa yake tunayoipenda zaidi ni ya matuta, Septemba 2019, tulipowatoa haohao jirani zetu Burundi 3-0 kwenye kufuzu Kombe la Dunia. Yaani hata sisi mchango wetu ni kuzuia.

Kuhusu akademi na mpira wa shule sitasema mengi, kwa sababu kila mwandishi anamalizia huko na hakuna kinachobadilika. Mtoto atakayeanza akademi leo ana miaka kumi. AFCON 2027 itamkuta anasoma darasa la sita. Tunaongelea watu ambao tayari wapo kwenye ligi.

Matarajio yangu basi. Tutavuka makundi, hilo naliamini. Kwa Mkapa, uwanja wetu mkubwa wa Dar, pakijaa, na kama Arusha watakuwa wamemaliza uwanja wao mpya, hakuna timu itakayotufunga kirahisi. Tulipoifunga Guinea 1-0 Novemba 2024 tukafuzu, Kwa Mkapa palifanya kazi yake kabla hata Msuva hajafunga. Lakini tukumbuke pia kwamba mwaka 2025, nyumbani kwetu, Niger walitufunga 1-0 na Zambia wakatufunga 1-0, safari ya Kombe la Dunia ikaishia hapo. Mashabiki walikuwepo. Ngoma zilikuwepo. Bao ndilo halikuwepo.

Ushindi wa kwanza wa AFCON tutaupata 2027, naweka jina langu hapa. Nautabiri 1-0. Na kama mambo yataendelea hivihivi, mfungaji atakuwa beki, kwa kichwa, kutokana na kona. Kiti cha plastiki nitakirusha mimi safari hii, mwenye banda ajiandae.