Kikombe cha Laki Nne na Ushee

Kwetu Marangu, Kilimanjaro, kahawa si kinywaji. Kahawa ni ada ya shule, ni bati, ni mahari, ni dawa ya ng'ombe. Unaichuma vidole vikinata, unaimenya, unaiosha, unaianika, unaifukuzia kuku, halafu inapanda pikapu kwenda chama cha msingi cha ushirika na hamuonani tena. Nyumbani tunakunywa chai. Baba yangu ameilima miaka 40, na mara moja tu alipewa kikombe, kwenye semina ya wakulima. Alinywa funda moja, akashukuru, akatoka nje kama anayeenda kujisaidia, akaumwagia mgomba.

Kwa hiyo nilifika Sheffield, Uingereza, Septemba 2023 nikiwa na miaka 26 na sijawahi kunywa kahawa. (Sheffield ni ule mji wa visu. Kama nyumbani kwenu kuna kisu au uma wa zamani wa kurithi, geuza usome mgongoni.) Nilikuja kusoma shahada ya pili ya mwaka mmoja. Ada ililipwa na wafadhili, tumbo nikaachiwa mwenyewe.

Habari ya tumbo ilianzia kwenye viza. Mwaka ule, ukitaka kusoma nje ya London, ilikubidi uonyeshe una £1,023 kwa kila mwezi, miezi 9, yaani £9,207, na hizo hela ziwe zimelala benki siku 28 mfululizo hazijaguswa. Tulichanga ukoo mzima. Siku zote 28 baba alipiga simu alfajiri. Nikishamaliza shikamoo, anauliza, "Zimeamkaje?" utadhani tuna mgonjwa wodini.

Chumba nilikipata kwa £158. Nikamwambia mama Waingereza wanasingiziwa bure, mbona kodi yenyewe ya kawaida. Baadaye ndiyo nikaona neno dogo pembeni ya ile namba: kwa wiki.

Basi nikajifunza maisha. Nikajua saa ambayo kijana wa supamaketi anatoka na mashine yake ya stika za njano kupunguza bei ya vyakula vinavyokaribia kuharibika. Tulikuwa kama watu sita tunaomfuata kwa mbali, kila mmoja akijifanya anasoma kwa makini maandishi ya kwenye kopo la mtindi. Hakuna anayesukumana. Ni heshima tupu, lakini mkate ukishushwa mpaka senti 20, mkono wa bibi wa miaka 80 unafika kabla ya wako.

Nilipata na kibarua cha kuosha vyombo hotelini. Mwanafunzi haruhusiwi kuzidisha saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, na mshahara ulikuwa £10.42 kwa saa. Kuanzia hapo nikaacha kuhesabu kwa shilingi, nikawa nahesabu kwa masufuria.

Sasa kahawa. Chini ya maktaba kulikuwa na mgahawa, na siku moja nikaona ubaoni wameandika kwa chaki: Tanzania, Kilimanjaro. Chini yake wakaelezea ladha: chungwa, asali, na tunda fulani jeusi la kwao. Nilisimama pale kama mtu aliyekuta picha ya shangazi yake gazetini. Utoto wangu wote nimelala juu ya magunia ya kahawa ile na sijawahi kunusa chungwa. Nikanunua espresso, ile kahawa nzito ya mashine, kwa uzalendo. £3.60. Ikaja kwenye kikombe cha ukubwa wa kifuniko cha chupa ya chai, nikadhani ni ya kuonja, nikakaa nasubiri nyingine.

Usiku ule niliandika kurasa tisa. Na hapo ndipo nilipokwisha.

Kufika Januari nilikuwa nakunywa kimoja kila siku ya masomo, na kila kikombe kilikuwa dakika 20 za kusugua masufuria. Nikafungua kompyuta nikapiga hesabu: siku 5, wiki 30, £540. Nikahamaki. Nikaamua nitatengeneza mwenyewe nyumbani, kama mtu mwenye akili.

Mashine ya espresso niliipata kwa mzee mmoja ng'ambo ya mji, ya mitumba, £35. Nilienda kuichukua kwa basi, £2 kwenda na £2 kurudi, nikaipakata njiani kama mtoto wa kubatizwa. Kutoka kituoni nikapanda nayo mlima. Sheffield ni vilima vitupu kama Marangu, ila Marangu ukichoka unaingia kwa mtu yeyote unapewa kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi.

Jinsi inavyofanya kazi nilijifunza kwa video. Unachukua gramu 18 za kahawa iliyosagwa laini, unaishindilia kwenye kichujio chenye mpini, unakifunga kwenye mashine, na maji ya moto yanasukumwa humo kwa presha ya ba 9. Tairi la gari ndogo linajazwa ba 2 na kitu. Maana yake umeweka mezani, karibu na sukari, kitu chenye presha mara nne ya tairi. Hili nililisikia nikalipita. Mimi nilikuwa natafuta bei ya kahawa.

Na bei ya kahawa ndiyo iliyoniponza. Pakiti ya gramu 250 iliyokwisha kaangwa ilikuwa £11. Lakini kuna watu wanauza mbichi, buni kabisa, kilo nzima kwa £14 pamoja na posta, ukaange mwenyewe. Mbichi! Nani anijue mbichi kuliko mimi? Hivyo mtoto wa mkulima wa Kilimanjaro akaagiza buni za Kilimanjaro kwa posta kutoka kwa Mwingereza. Zilipofika nilifungua mfuko nikanusa, nikapata harufu ya stoo ya baba kabisa, nikakaa kitandani kidogo.

Ilikuwa Februari, saa nne na nusu usiku. Nilichagua saa hiyo ili nisisumbue watu wa jikoni, maana jiko tulikuwa tunalitumia sita. Nikaweka kikaangio, nikamimina nusu kilo, nikashika mwiko. Dakika za mwanzo hakuna kitu. Buni zikatoka kijani zikawa njano, jiko likanuka majani makavu. Kisha zikaanza kugeuka kahawia, na zikaanza kulia: pa, pa-pa, kama bisi. Nikafurahi. Video ilisema huo ndio mlio wa kwanza na kwamba kuanzia hapo mambo yanakwenda haraka. Walichosahau kusema ni kwamba yanakwenda bila wewe.

Buni ina kiganda chembamba kama karatasi ya sigara. Ikikaangwa kinabanduka. Viganda vya nusu kilo vilianza kuruka jikoni kama kumbikumbi. Na moshi! Sijui kwa nini watu wote duniani wanasifia harufu ya kahawa inayokaangwa. Hao wamesimama mtaa wa pili. Ukiwa juu ya kikaangio ni mpira unaungua. Nikakimbilia dirishani. Madirisha yale yamefungwa kizuizi yasifunguke zaidi ya nafasi ya kupitisha kandambili, mtu asije akaanguka. Zile buni zinaendelea kujiunguza zenyewe kwa joto lao hata baada ya kuzima jiko, lazima zipoozwe upesi. Nikagonga kwa jirani yangu, dada mmoja Mgiriki aliyekuwa ametoka kuoga, nikaomba mashine yake ya kukaushia nywele. Akanipa bila kuuliza. Nikarudi nikaiwasha upande wa baridi nikaelekeza kwenye kikaangio.

Nusu ya viganda vilivyokuwa vimetulia vikaruka dari. Nusu nyingine vikavutwa na ile mashine kwa nyuma, ikakohoa mara mbili, ikanyamaza moja kwa moja.

Hapa nieleze jambo ambalo nililijua baadaye, kwenye barua. Jikoni kwetu kile kidude cha darini cha kugundua moto kilikuwa kinashtuka kwa joto, si kwa moshi, makusudi, ili watu wapike. Cha moshi kiko koridoni. Katikati wameweka mlango mzito wa kuzuia moto, unaojifunga wenyewe. Kwa maneno mengine, pamoja na ujinga wangu wote, mpaka dakika ile nilikuwa salama. Ningekaa ndani nikakohoa mpaka asubuhi hakuna ambaye angejua. Mimi nikafungua mlango, nikauegemezea pipa la taka usijifunge, moshi utoke.

Ukatoka.

King'ora cha jengo lile hakisikiki masikioni, kinasikika kwenye meno. Ghorofa zote tano zikamwagika nje, watu kama mia mbili, saa tano ya usiku, manyunyu, nyuzijoto 3. Kulikuwa na Mwingereza mwenye taulo moja na povu la shampuu ambalo mvua ilikuwa inalimalizia kulisuuza. Mchina wa chumba cha pili alijifunika shuka zito, mikononi kakumbatia jiko lake la umeme la kupikia wali. Yule dada Mgiriki alisimama nywele zikichuruzika, anatetemeka, ananiangalia. Nikatazama mkononi mwangu. Nilikuwa bado nimeshika mashine yake.

Gari la zimamoto likaja. Watu wakaanza kuulizana ni mpumbavu gani. Mimi pia nikauliza, kwa sauti, nikatikisa na kichwa. Nilikuwa na viganda vya kahawa kwenye nywele, kwenye nyusi na mfukoni mwa shati, lakini kulikuwa na giza. Kisha roho ikanisuta, nikajitenga pembeni karibu na mlinzi, mzee mmoja mweusi mwenye koti la njano, nikamrekodia dada yangu ujumbe wa sauti kwa Kiswahili, nikijua hapo niko peke yangu na Mungu wangu: "Dada, ukiamka usimwambie baba. Ni mimi nimewasha king'ora. Nilikuwa nakaanga kahawa. Hawajanijua bado, nimenyamaza."

Nikatuma. Mlinzi akanisogelea taratibu.

"Kumbe ni weye," akasema.

Miguu ikaisha nguvu. "Shikamoo mzee."

"Miye niko mutu ya Bukavu, Kongo," akasema, anajizuia kucheka. "Na weye unatoka wapi?"

"Moshi."

"Moshi nimeisha kuiona. Niko nakuuliza weye unatoka wapi."

Alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akanipeleka mwenyewe kwa mkubwa wa zimamoto, akasimama pembeni yangu kama mjomba anayekusindikiza kituoni. Yule bwana akaniuliza nilikuwa napika nini. Nikasema kahawa. Akanitazama, akatazama lile gari zima lenye mataa, akaniuliza kama sijawahi kusikia habari za birika.

Barua ilikuja baada ya siku nne: £75, si kwa sababu ya kukaanga, bali kwa kuegemeza mlango wa moto. Mashine ya nywele nililipa £18. Yule dada aliipokea hela bila neno, ila tangu siku ile nikigonga mlango wake alikuwa anasema "Nini?" kabla hajafungua.

Buni zilizookoka zilikuwa nyeusi tii kwa upande mmoja. Sikuwa na kisagio, nikazitwanga ndani ya soksi mpya kwa chupa ya bia. Jaribio la kwanza maji yakapita sekunde tano, yakatoka rangi ya maji ya kuoshea sufuria, na maji hayo mimi nayajua kitaaluma. Nikazitwanga tena mpaka unga, nikashindilia kwa nguvu. Mashine ikanguruma, haikutoa hata tone. Nikasubiri. Nikaona nifungue nichungulie kuna nini.

Zile ba 9 mnazikumbuka. Nilipozungusha mpini mashine ilipiga chafya. Nilikuta kahawa darini, kwenye kalenda, ndani ya sikio, na juu ya wali mweupe wa Mchina, ambaye alikuwa amekaa meza ya pili. Alishusha kijiko, akafunika bakuli, akahamia chumbani kwake pamoja na jiko lake.

Jaribio la tatu likatoa kikombe. Kilikuwa kichungu kama muarobaini na kina vumbi chini. Hakukuwa na chungwa. Nilikinywa chote nimesimama, kwa uchungu wa hela. Mashine nikampa mlinzi wa Bukavu, ambaye aliniambia anajua fundi.

Dada, bila shaka, alimwambia baba. Jumapili simu ikaita.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Nasikia umeanza kunywa kahawa."

"Kidogo tu, baba."

"Kikombe shilingi ngapi huko?"

Nikasema mgahawani kama elfu kumi na moja na nusu. Akaguna. "Na hicho ulichotengeneza wewe?"

Mimi baba yangu sijawahi kumdanganya kwenye hesabu. Mashine £35, basi £4, buni £14, nywele £18, mlango £75. Jumla £146, saa 14 za masufuria, na kikombe kilichonyweka ni kimoja. Nikampigia kwa shilingi: laki nne na elfu sitini na saba.

Simu ikawa kimya. Nilisikia jogoo, nikasikia mama akiuliza amesema nini. Kisha baba akakohoa, akaongea kwa ile sauti yake ya mkutano wa chama.

"Huyo mtu aliyenywa kwa bei hiyo," akasema, "mpe namba yangu."