Jua Halichapishi Stempu

Wiki iliyopita mdogo wangu alinipigia simu saa tatu usiku, anahema kama mtu aliyekimbia hapa Lubumbashi kutoka mtaa wa Ruashi mpaka Kamalondo. "Yaya, nimepata ile kintu. Iko moya tu mu Katanga muzima!"

Kitu chenyewe ni stempu. Ile ya mchikichi ya 1942, ya Congo ya Wabelgiji, ambayo kila aliyeachiwa albamu na baba yake anazo za kumwaga. Ila yake, eti, si ya kijani kama zile za watu wengine. Ni ya buluu. Muuzaji alimwambia ni kosa la rangi, limetoka kiwandani, Wazungu wanalitafuta. Dola 80. Na mdogo wangu, ambaye mwezi huo minerval, ile ada ya shule ya watoto, haijalipwa, akazihesabu moja moja akampa.

Nimekasirika mpaka leo. Mkikuta maneno makali hapa chini, mjue yanatoka wapi.

Kwanza akanitumia picha kwa WhatsApp. Jamani, acheni kunitumia picha! Simu haina macho, ina maoni. Inaamua yenyewe nyeupe ni ipi, kisha inavuta rangi zingine zote zifuate. Piga stempu ileile chini ya taa ya LED, halafu umeme ukatike (na utakatika) uipige kwa mshumaa, utapata stempu mbili. Nina watu watatu ambao kila mwezi wananiuliza kwa picha yenye kivuli cha kidole chao: "Hii ni nyekundu au nyekundu-kahawia?" Ni kidole. Ninachoona mimi ni kidole.

Mama yangu hajawahi kushika stempu isipokuwa ya kubandika kwenye bahasha. Lakini hakuna siku niliyomwona akinunua kitenge ndani ya duka. Anakishika, anatembea nacho mpaka mlangoni, muuzaji anamfuata kwa wasiwasi, anakiinua kwenye mwanga wa nje. Kisha anakilaza juu ya kile alichovaa, ambacho rangi yake anaijua. Kisha anauliza, "Hiki kinatoa rangi?" Mambo matatu hayo tu: mwanga wa mchana ambao jua haligusi kitu moja kwa moja, kipande cha kulinganisha, na swali la kitakachotokea maji yakiingia. Wanaojiita wataalamu wa rangi za stempu hawana mengi zaidi ya hayo, ila wao wanalipwa.

Basi kesho yake mdogo wangu akaja. Saa nne asubuhi, tukasimama barazani. Nikatoa mchikichi wangu wa kijani, thamani ileile, nikauweka kando ya wake. Kweli, wake ulikuwa wa buluu. Buluu iliyochoka, kama shati la shule la mtoto wa tatu kulivaa. Nikaigeuza, nikaangalia nyuma, nikairudisha. Halafu nikaona chini kabisa, kwenye meno ya ukingo, mstari mwembamba kama uzi. Wa kijani. Kijani kibichi, kilekile cha yangu.

Nikamuuliza: muuzaji alikuwa ameziweka wapi? "Dirishani, ndani ya fremu ya kioo." Na fremu ya mbao inafunika nini? Inafunika ukingo wa chini.

Kuna wino wa kijani ambao ni manjano na buluu zilizochanganywa. Mara nyingi manjano ndiyo dhaifu, jua linaila kwanza, na buluu inabaki peke yake kama mjane. Hapo hakuna fundi aliyekosea na hakuna mtambo ulioharibika. Kuna dirisha tu, na miaka.

Haya, makosa ya kweli yapo, sitaki mseme nimekataa. Sweden, 1855: stempu ya skilling 3 (pesa yao ya wakati ule) ilitakiwa iwe ya kijani, ikatoka moja ya manjano. Mwaka 1996 iliuzwa kwa faranga za Uswisi milioni 2.87. Lakini angalieni kwamba ile ina hadithi ya kuzaliwa. Stempu ya skilling 8 ndiyo iliyokuwa ya manjano, na maelezo yanayokubaliwa ni kwamba kipande cha chapa cha 3 kiliingia kimakosa kati ya vile vya 8. Kosa la rangi linazaliwa kwenye mtambo, na unaweza kumtaja mama yake. Muuzaji asiyeweza kukuambia wino ule uliingiaje pale, huyo anakuuzia hali ya hewa.

Tena mara nyingine rangi tofauti si kosa wala si jua, ni amri. Stempu ya Congo ya santimu 5, yenye mchoro wa bandari ya Matadi, ilitoka ya buluu mwaka 1894, ikawa nyekundu-kahawia 1895, ikawa ya kijani 1900, na hiyo ya mwisho ni kwa sababu Umoja wa Posta wa Dunia ulikuwa umetaka nchi zifuate rangi moja kwa barua za aina moja. Mchoro mmoja, rangi tatu, zote halali. Nimeshaona mtu akiuza hiyo ya buluu kama "kosa la ile ya kijani". Miaka sita kabla ya kijani kuwepo!

Na ule ugonjwa mwingine, stempu ya chungwa kugeuka kahawia, hata karibu na nyeusi. Wino wenye madini ya risasi ukikutana na salfa ya hewani unakuwa hivyo. Sisi tuliokulia chini ya cheminée, lile dohani la kiwanda cha shaba, hatuhitaji kufundishwa salfa ni nini. Tone la peroksidi ya hidrojeni huweza kuirudisha, na hapo ule "unadra" unatoweka mbele ya macho yako. Ndiyo maana wauzaji hawapendi uwe nayo mfukoni.

Nakubali jambo moja, kwa shingo upande: katalogi zenyewe za stempu zinachosha. Zinakupa neno tu. "Lie de vin." Mimi mashapo ya divai nimeyaona wapi? Wangeandika damu ya mzee kila mama sokoni angejua. Katalogi ya Kibelgiji inaita rangi hivi, ya Kifaransa vile, na wote wanaangalia karatasi ileile. Na ni kweli, wino uliochanganywa upya kwa uchapishaji wa pili unaweza kutoa kijani kilichokolea zaidi, na tofauti hiyo ikalipwa vizuri. Lakini inalipwa ikithibitishwa, kando ya nyingine isiyo na shaka.

Bei ya katalogi si bei. Ni ya stempu safi, yenye meno yote, na mnunuzi ambaye hayupo hapa. Gundi iliyoshikana kwa unyevu inapunguza. Muhuri wa posta unaosomeka vizuri unaweza kuongeza. Zile za Congo zilizopigwa juu yake chapa ya KATANGA mwaka 1960, Katanga ilipojitenga, nyingi ni za bei rahisi kuliko mnavyodhani, na chapa hiyo yenyewe imeghushiwa mno, kwa hiyo mzee mwenye sanduku nzima nyumbani atulie, bado hajawa tajiri.

Tulikwenda kwa muuzaji pamoja. Hakurudisha pesa. Alisema mdogo wangu alinunua kwa macho yake mwenyewe. Hapo alinipata, nikanyamaza. Wakati tunatoka akatuambia, kwa sauti ya kutuonea huruma, kwamba kuna mteja mwingine anayemsubiri.

Jana nimepita pale tena. Fremu imejazwa upya, safari hii ni nyekundu, safu tatu, kioo kimeelekea magharibi. Kiangazi ndicho hiki kimeanza. Kufika Oktoba atakuwa na waridi nadra sana.