Aliyegonga gari lililoegeshwa asiwe mpangaji wa bei ya matengenezo

Nimeishi Ujerumani, katika mji wa Bremen, muda wa kutosha kuona kwamba gari likigongwa likiwa limeegeshwa, kosa hujulikana mapema, na manung'uniko huja pale inapofika zamu ya matengenezo. Kwetu Dodoma, ambako magari yameongezeka sana tangu Serikali ilipohamia, tumezoea kumwachia aliyegonga achague fundi, achague spea na apange bei, huku mwenye gari akishukuru kwamba angalau hakukimbiwa. Mazoea haya hayamtendei haki.

Sheria ya Ujerumani inamtaka aliyegonga asubiri kwa muda unaofaa, na mwenye gari asipotokea, atoe taarifa polisi bila kuchelewa. Kuacha kikaratasi chenye namba ya simu kwenye kioo hakutoshi, na anayeondoka hivi hivi anaweza kufungwa hadi miaka 3 au kutozwa faini. Kwa mchubuko wa rangi, mimi naiona adhabu hiyo kuwa kali mno. Mwenye gari naye huulizwa aliliacha wapi, kwa kuwa aliyeegesha ndani ya mita 5 za njia panda anaweza kubebeshwa sehemu ya hasara. Hilo ni sawa, mradi swali liulizwe kwa kupima umbali, kwani kwetu "Kwa nini umepaki hapa?" mara nyingi ni kauli ya kumnyamazisha mtu ambaye hata hakuwemo garini.

Gari la mdogo wangu liligongwa na pikapu iliyokuwa ikirudi nyuma karibu na Soko la Majengo. Dereva hakukimbia, alishuka akasema kwa adabu, "Dada yangu, nisamehe sana, haya tuyamalize wenyewe, nina fundi wangu." Mdogo wangu akamjibu, "Haya kaka, mradi gari lirudi kama lilivyokuwa." Fundi aliliunga kwa moto bampa lililopasuka, akajaza puti kwenye mlango wa nyuma, kisha akapiga rangi chini ya mwarobaini mchana wa upepo. Ukipitisha kiganja juu ya mlango huo unahisi punje za vumbi zilizoganda ndani ya rangi, na weupe wake ni wa maziwa wakati gari zima ni la weupe wa lulu. Mdogo wangu alipolalamika, aliambiwa kwamba walishamalizana.

Huku niliko, aliyegongwa bila kosa ana haki ya kumchagua mthamini huru, na ujira wa mthamini huyo hulipwa na bima ya aliyegonga. Uharibifu ukiwa mdogo, kwa kawaida chini ya yuro 750 hadi 1,000, makadirio ya maandishi kutoka gereji yanatosha. Tena mwenye gari anaweza kupokea fedha za matengenezo, bila ya kodi ya ongezeko la thamani, na akaamua asitengeneze.

Nyumbani bima ndogo, ile inayolipa hasara uliyomsababishia mwingine, ni ya lazima kisheria, lakini wengi wetu tunaikata ili stika ipatikane, na siku ya kugongwa hakuna anayeitaja, kwa kuhofia mlolongo wa trafiki, fomu na kusubiri. Kwa mgongano mdogo sipingi watu kuyamaliza wenyewe. Ninachokitaka ni kwamba kabla ya kupeana mikono, picha zipigwe, kila upande ulete makadirio ya gereji anayoiamini, na makubaliano yaandikwe yakitaja spea mpya au iliyotumika, rangi itakayopigwa, na nani atarekebisha kazi ikiwa mbovu. Tofauti ya makadirio ikiwa kubwa, hapo ndipo trafiki aitwe na bima itumike, na kampuni ikikataa kulipa bila sababu, yuko Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Utaratibu huo unamlinda pia anayelipa. Wapo wenye magari ambao, wakiguswa taa moja, hudai bampa jipya na rangi ya ubavu mzima, pamoja na mikwaruzo waliyokuja nayo. Mthamini wa Ujerumani huorodhesha uharibifu wa zamani na kuutenga na hesabu. Fundi wa Dodoma anaweza kufanya vivyo hivyo kwa kalamu na karatasi, ilimradi ameitwa kukagua kabla hajaambiwa nani atamlipa.