Kamera yenye kioo bado ni mali kwa mpiga harusi

Mwishoni mwa 2021 mkuu wa Canon, Fujio Mitarai, alisema EOS-1D X Mark III ndiyo itakayokuwa DSLR (kamera yenye kioo ndani) ya mwisho ya daraja la juu kutoka kampuni hiyo. Nikon nayo haijatoa DSLR mpya tangu D780 na D6 za 2020. Viwanda vimehamia kwenye kamera zisizo na kioo, na hilo halina ubishi. Ubishi upo kwenye ushauri unaofuatia: kwamba mpiga picha wa harusi wa Dar es Salaam au Mombasa mwenye Nikon D750 au Canon 5D Mark IV nzima auze kila kitu haraka, asije akaachwa. Ushauri huo umewaingiza wengi kwenye madeni bila kuwaongezea wateja.

Hoja za kuhama zipo, na ya fokasi ndiyo nzito kuliko zote. Ndani ya DSLR, kioo hupeleka sehemu ya mwanga kwenye moduli ya fokasi iliyo chini ya kamera. Njia hiyo ya mwanga ikitofautiana hata kidogo na ile inayofika kwenye kihisi kinachonasa picha, lenzi ya milimita 85 iliyofunguliwa sana, f/1.8, itanasa sikio la bibi harusi na kuacha jicho. Dawa yake ni kurekebisha kila lenzi kwenye menyu, kati ya −20 na +20, kazi inayochosha. Kamera isiyo na kioo hupima fokasi kwenye kihisi chenyewe, kwa hiyo kosa hilo halipati pa kuanzia. D750 ina alama 51 za fokasi zilizobanana katikati. Nikon Z6, isiyo na kioo, ina 273 zilizotandaa karibu fremu yote. Ongeza shata ya kimya wakati wa akdi, ongeza video. Kwa anayepata nusu ya kipato chake kwenye video, sioni sababu ya kuchelewa.

Sasa tuje kwenye betri, jambo ambalo wanaohimiza kuhama hulipita mbio. Chukua D850, ambayo ni DSLR, na Z7, isiyo na kioo. Zote ni za Nikon, zote zina megapikseli 45.7, na betri zake ni za familia moja ya EN-EL15 zenye ujazo sawa. Kwa kipimo cha CIPA, chama cha watengenezaji kamera cha Japani, D850 hutoa picha 1,840 kwa chaji moja na Z7 hutoa 330. Watetezi hujibu kwamba kazini Z7 hupita 330 kwa mbali, na wanasema kweli. Ila wanaacha kueleza kwa nini. Kipimo hicho hupiga picha moja kila baada ya sekunde 30. Geuza picha kuwa muda, bila kuhesabu vipindi ambavyo kamera huzimwa: 330 ni saa 2 na dakika 45, na 1,840 ni saa 15 na dakika 20.

Kamera isiyo na kioo hula betri kwa muda inaowaka, kwa sababu kihisi na skrini ndogo ya kutazamia hufanya kazi hata usipobonyeza kitu. DSLR inapotazamwa kupitia tundu lake hutumia mwanga mtupu wa lenzi. Na harusi zetu ni za kusubiri. Kuanzia saluni asubuhi, ibada, picha za bustani, hadi ukumbini usiku wa manane, mpiga picha hushinda ameinua kamera akingoja pete, keki, mama kufuta machozi. Ukiweka kamera ijizime baada ya sekunde 10, betri itadumu, lakini kuamka kwake huchukua muda kidogo, na pete haingoji. Basi hesabu betri 4 halisi na chaja ya pili ndani ya bei ya kuhama. Betri za bei poa mara nyingi hudanganya kiwango cha chaji, na baadhi hukataliwa na kamera.

Ukumbini kamera isiyo na kioo ina mitego mingine. Ukifunga flashi, tundu la kutazamia huweza kuwa giza tupu, kwani kamera inakuonyesha picha itakavyokuwa bila flashi. Zima onyesho hilo la mwanga kwenye menyu. Mwanga mwekundu wa kusaidia fokasi unaotoka kwenye flashi nyingi za zamani ulitengenezwa kwa ajili ya moduli ya DSLR, na kamera za Nikon Z na Canon R kwa kawaida haziutumii. Shata ya kimya chini ya taa za LED huacha mistari kwenye nguo nyeupe. Umeme wetu ni wa hezi 50, taa nyingi hupepesa mara 100 kwa sekunde. Rudi kwenye shata ya kawaida na ukae kwenye kasi ya 1/100 au 1/50 ya sekunde.

Kuhusu lenzi, mwenye Canon ana nafuu: lenzi za EF, zile za DSLR zake, zina mota ndani yake na hufanya kazi vizuri kwenye adapta ya kamera zisizo na kioo. Mwenye Nikon aangalie alichonacho. Adapta ya FTZ, inayofunga lenzi za DSLR za Nikon kwenye kamera za Z, haina mota, hivyo 50mm f/1.8D na 80-200mm f/2.8D, lenzi zinazotegemea mota ya kamera na zilizolisha wapiga picha wengi, zitabaki za kuzungusha kwa mkono.

Halafu kuna kadi. Kamera zisizo na kioo ambazo bei yake ya mtumba inavutia ni zile za 2018: Z6 na Z7 za Nikon, na EOS R ya Canon. Zote zina nafasi moja tu ya kadi, wakati D750 na 5D Mark IV zina mbili. Kadi ikifa na ndoa imeshafungwa, hakuna wa kuirudia. Kwa mpiga harusi, kuhamia huko ni kushuka. Anzia Nikon Z6 II au Canon R6, zenye nafasi mbili, au subiri na fedha hiyo inunue flashi ya pili na lenzi nzuri.

Anayehama asiuze DSLR mwanzoni. Ibaki begani kama kamera ya pili kwa msimu mzima, na saa za kamera zote mbili zilinganishwe hadi sekunde kabla ya kutoka nyumbani, la sivyo kwenye kompyuta picha za pete zitajipanga katikati ya picha za kutoka kanisani.