Unangoja Nani?

Leo nimeulizwa tena. "Unangoja nani?"

Si "nini". "Nani". Mtu mzima akisimama kando ya reli tangu alfajiri, na daftari, na kamera, na chupa ya chai, na kiti cha kukunja ambacho mguu wake mmoja umeshaanza kujiamulia mambo yake, basi lazima yupo aliyemwahidi na hakutokea. Tena ukiutazama ukweli wenyewe, ndio huohuo. Yupo aliyeahidi. Ana uzito wa tani elfu mbili na simu hana.

Wenye kupenda treni za abiria wametulia. Wana ratiba, na ikichelewa mtu anatangaza. Treni ya mizigo hutoka mabehewa yakishapangwa, kichwa (injini ya kuvuta) kikishapatikana, dereva akishafika naye bado ana saa za kazi zilizobaki, na njia ya mbele ikiwa wazi. Likikosekana moja kati ya hayo manne, endelea kukaa. Na kama reli yenyewe ni ya njia moja, mizigo ndiyo inayoingizwa pembeni kupisha wengine. Kwa hiyo ile unayoingoja huenda ipo kilomita kumi tu kutoka hapo, imezubaa kwenye njia ya kupishana, injini inanguruma taratibu, dereva anakula. Wewe unaliwa na sisimizi.

Kisha ipite pale ulipokwenda mara moja tu kichakani. Hilo sielezi, tunajuana.

Au ipite ikitokea upande usioutaka, jua limesimama nyuma yake, upate picha ya kivuli chenye taa. Au anga nzima iwe kavu, wingu moja tu, na wingu hilo lina miadi yake na dakika hiyohiyo. Au uusikie mngurumo, moyo uruke, kisha kipite kichwa kitupu, peke yake, hakina hata behewa moja, kama mtu aliyetumwa dukani akasahau pesa.

Sasa huyu mzee.

"Hujambo, kijana."

Kijana! Nikasimama, kwa heshima ya neno lenyewe. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unangoja nani?"

"Nangoja treni, mzee."

"Stesheni iko kule."

"Najua. Hii haisimami."

"Haisimami, sasa utaipandaje?"

"Haipandwi, mzee. Ni ya mizigo."

"Ahaa." Uso ukamwangaza. "Una mzigo wako ndani."

"Sina."

"Wa ndugu yako."

"Hapana, mzee. Naiangalia tu."

Akanyamaza. Akaitazama reli huku, akaitazama kule, akanitazama viatu. "Ukishaiangalia?"

"Naandika namba."

"Wanakulipa?"

Hapo ndipo nilipokosea. Ningesema nalipwa, yangekwisha. Nikavuta pumzi kama mhadhiri. Nikamwambia zipo mahali treni inapita na watu wanajaa kando ya reli maelfu, wala hakuna anayeulizwa anangoja nani. Marekani wana kichwa kimoja cha mvuke, namba 4014, kilichoundwa mwaka 1941, kikakaa makumbusho miaka mingi, kikafufuliwa Mei 2019. Kikitoka, familia nzima zinatandika mikeka.

"Na wewe unangoja hicho?"

"Hapana. Mimi nangoja makontena."

Nikaona nimepoteza nafasi. Nikafungua daftari haraka. Tazama mzee, nikamwambia, kila kontena lina herufi nne, tarakimu sita, na tarakimu moja ya mwisho ambayo mara nyingi huwekwa ndani ya kisanduku. Hiyo ya mwisho ni askari. Kila herufi ina thamani yake, kila nafasi unaizidisha kwa 1, kwa 2, kwa 4, kwa 8, hivyohivyo mpaka 512, unajumlisha, unagawanya kwa 11, na kinachobaki ndicho kile cha kwenye kisanduku. Kikibaki 10, panaandikwa sifuri. Kwa hiyo ukisoma 3 kwa haraka ukaandika 8, karibu kila mara hesabu inakukatalia palepale.

Akaufuata ukurasa kwa kidole, mstari kwa mstari, kwa subira kubwa.

"Sasa hizi namba, wenyewe hawana?"

"Wanazo."

"Wamezipoteza?"

"Hawajazipoteza, mzee."

"Basi sawa," akasema, kwa sauti wanayotumia watu kwenye chumba cha mgonjwa.

Ningefunga daftari. Lakini akauliza swali ambalo mtu wa treni hawezi kuliacha lipite: "Zile injini zina gia ngapi?"

Hazina! Nikamwambia, hazina gia ya kubadilisha hata moja. Ile dizeli unayoisikia ikinguruma haigusi magurudumu kabisa. Inazungusha jenereta, jenereta inatoa umeme, umeme unakwenda kwenye mota zilizofungwa chini kwenye ekseli za magurudumu. Kichwa cha ekseli sita kwa kawaida kina mota sita. Dereva ana mkono wa mafuta, na kwenye vichwa vingi mkono huo una hatua nane. Akiusukuma kwa pupa, mafuta yanafika kabla tabo, ile feni ya kuisukumia injini hewa, haijashika kasi ya kuleta hewa ya kutosha, ndiyo maana unaona moshi mweusi. Mweusi ni mafuta yaliyozidi hewa. Wa buluu ni oili inaungua, hapo kuna ringi za pistoni zimekwisha au tabo inavuja. Mweupe kwenye injini baridi usikutishe; mweupe usiokoma injini ikiwa moto, anza kufikiria maji.

"Kwa hiyo ni ya umeme."

"Ni ya dizeli."

"Umesema umeme ndio unavuta."

"Unavuta, lakini…"

"Kijana, amua."

Na hapo taa ya ishara kule mbele ikabadilika. Kwa muda wa saa tatu nimekaa nikiitazama ile taa. Imebadilika nikiwa nabishana.

Nikaruka kwenye kamera. Nilikuwa nimeshaiandaa: kasi ya picha kuanzia sehemu moja ya elfu ya sekunde, na fokasi nimeifunga kwa mkono kwenye taruma moja la chini ya reli lenye alama ya chokaa, kwa sababu ukiiachia kamera ijichagulie, itachagua jani la nyasi lililo karibu nawe na treni yote itakuwa ukungu. Jua nyuma yangu. Reli zikaanza kuimba. Sauti ndani ya chuma hukimbia karibu mita elfu tano kwa sekunde, mara kumi na tano hivi ya hewani, kwa hiyo mlio unautangulia mngurumo. Unausikia ukiwa umesimama. Wale wa kuweka sikio juu ya reli kama wanavyoona kwenye sinema, hao sikio watabaki nalo, sijui kichwa.

Mzee akafungua mwavuli. Jua, alisema.

"Mzee, naomba usogee nyuma kidogo."

Akasogea mbele, aone vizuri. Nikamshika mkono nikamvuta, na hapo sikuwa na mzaha: behewa hutokeza nje ya reli karibu mita moja kila upande, na mkanda wa turubai uliolegea unaweza kuchapa mbali kuliko hapo. Akakubali. Akasimama nyuma ya ile mistari ya nyasi iliyofyekwa, pembeni yangu hasa, na mwavuli wake, mweusi, mpana, wa watu wawili, ukaingia robo ya kioo cha kamera.

Vichwa viwili vikajitokeza kwenye kona, moshi umesimama wima, mzigo umejaa, mlima umewakamata. Picha ya mwaka. Na mzee akaanza kupunga.

Si kupunga kwa mkono. Alipunga mikono yote miwili, juu ya kichwa, mmoja na mwavuli.

Kwa nini hilo ni baya? Kwa sababu kwenye reli nyingi duniani mikono miwili juu ya kichwa maana yake ni moja: simama, kuna hatari. Dereva akiamini, anaachia upepo wote wa breki. Breki za treni hazifungwi kwa kuongezwa upepo kwenye bomba. Upepo wa bomba ndio unaozizuia zisifunge, na ukitoka, kila behewa linajifunga lenyewe. Magurudumu yakikwama yakaburuzwa, kila gurudumu lililoburuzwa linalika upande mmoja. Kisha kuondoka tena pale mlimani, na mzigo wote ule, bora usiniulize.

"Mkono mmoja, mzee! Mmoja!"

"Nini?"

"Shusha mmoja!"

Akashusha ule usio na mwavuli. Dereva akachungulia dirishani. Akamwona. Akapiga honi.

Naomba nieleweke. Nimesimama kando ya reli hizi kwa jua na kwa tope. Nimepungia madereva kwa utaratibu unaotakiwa, mkono mmoja, usawa wa bega, polepole, niko mahali ninapoonekana. Sijawahi kupigiwa honi. Wengine hawageuzi hata shingo. Na huyu, siku yake ya kwanza, na mwavuli, kapigiwa mara mbili, fupi na ndefu, na dereva akacheka mpaka meno yakaonekana.

"Ananifahamu?" mzee akauliza.

Sikujibu. Nilikuwa nahesabu mabehewa, na nilikuwa nimefika kumi na saba, au kumi na nane.

"Inavuja mchanga!" akapiga kelele. "Kijana, angalia, mchanga unamwagika!"

Haivuji. Vichwa hubeba mchanga kwenye masanduku, na vikipanda mlima unapulizwa kwenye reli mbele ya magurudumu yasiteleze. Nikaeleza. Kwa sauti, kwa sababu mabehewa yalikuwa yanapita. Nilipomaliza kueleza, hesabu sikuwa nayo tena. Nikasikia gurudumu moja bovu, tak-tak-tak-tak, lile lililolika bapa. Gurudumu la sentimita 92 kwa mwendo ule linazunguka karibu mara nne kwa sekunde, na kila mzunguko linaipiga reli nyundo moja. Nikageuka kutafuta ni la behewa la ngapi. La ngapi? Ndiyo nauliza, la ngapi?

Ikaisha. Vumbi, harufu ya breki, kimya.

"Thelathini na nane," mzee akasema.

"Umehesabu?"

"Sikuwa na kazi nyingine."

Mimi sikubali kirahisi. Nilikuwa nimepima muda, hiyo haikuniponyoka. Nguzo mbili zimetengana mita 100. Gawanya 360 kwa sekunde, unapata kilomita kwa saa. Pua ya kichwa ilichukua sekunde 9, basi ni 40, yaani mita 11 na kidogo kila sekunde. Toka pua hadi mkia sekunde 51. Zidisha: mita 567 hivi. Toa vichwa viwili, mita 20 kila kimoja, ibaki 527. Gawanya kwa mita 14, urefu wa behewa la kontena moja kubwa.

Thelathini na saba, na nukta sita.

Nikarudia. Nikarudia na vichwa vya mita 18. Ikatoka thelathini na saba na nukta tisa. Mzee alikuwa anakung'uta mwavuli.

Na taa ya nyuma? Hilo swali la mwisho ndilo la muhimu kuliko yote, maana treni isiyoonekana taa ya mkiani huwezi kusema imepita yote. Huenda kuna mabehewa yamekatika yamebaki nyuma huko. Sikuiona. Nilikuwa na kalamu mdomoni natafuta saa.

"Ilikuwepo taa nyuma, mzee?"

"Nyekundu. Inawaka, inazima."

Nikaandika. Mabehewa 38, taa ipo. Mwandiko wangu, macho yake. Mwaka 2001 kule Australia kampuni ya BHP ilivutisha mabehewa 682 kwa vichwa vinane, urefu zaidi ya kilomita saba; nikafikiria huyu mzee angesimama pale na mwavuli wake, angenipa jibu bila kukunja uso.

Picha nimeitazama. Ina fokasi safi sana, taruma lenye chokaa linaonekana mpaka nyufa. Juu ya taruma upo mwavuli. Chini ya mwavuli, ukipanua, kuna taa moja na nusu ya dirisha, na meno ya dereva.

Na betri imebaki alama moja, na kile kichaka kimekua tangu mwezi jana, mwezi ujao hapa hapatafaa, itabidi kuhamia ng'ambo, na ng'ambo jua ni la jioni tu, na jioni zinapita mbili kama zinapita. Na ile ya kushuka isipokuja kabla ya saa nane kivuli cha mlima kitakuwa kimekwishafika relini, kwa hiyo hata ikija…

"Ijayo saa ngapi?" mzee akauliza.

"Sijui, mzee. Hazina ratiba."

"Sasa wewe unajua nini?"

Akaukunja mwavuli, akauegemeza kwenye begi langu, akavuta kiti changu akakiweka kivulini. Nilitaka kumwambia habari za ule mguu.